Kabla Hujaandika Hasi

Ndani ya maharage mekundu mna protini ambayo mpishi huiharibu kwa moto, na sisi watu wa maabara tunaiagiza ikiwa safi, nzima na kwa bei ghali. Jina lake refu ni fitohemaglutinini. Kwenye makabati yetu imeandikwa PHA. Kazi yake ni kushika sukari. Siyo sukari ya chai, bali ile minyororo mifupi ya sukari iliyoota juu ya utando wa kila seli hai. Protini za aina hii zinaitwa lektini, na zimo katika mimea, katika wanyama, na ndani ya miili yetu. Hii ya maharage ikifika tumboni ikiwa mbichi inang'ang'ania kuta za utumbo, na baada ya saa chache mlaji anatapika na kuharisha. Punje nne au tano zinatosha kumwangusha mtu mzima. Ndiyo sababu mama zetu huyaloweka, humwaga yale maji, kisha huyatokosa mpaka yaive hasa. Moto wa kupashia tu hauiui.

Sumu hiyohiyo ndiyo iliyotufundisha kitu kikubwa kuhusu kinga ya mwili, nami naikumbuka kila nisikiapo mtu akisemwa kuwa hana neno, hana mchango, amekwisha.

Katikati ya karne iliyopita wataalamu wengi waliamini kuwa limfosaiti, ile seli nyeupe ndogo ya mviringo inayozunguka na damu, ni seli iliyofika mwisho wa safari yake. Haikuonekana ikigawanyika, na kazi yake haikujulikana. Ukiitazama kwenye hadubini unaona kiini kikubwa na kijimpaka chembamba cha ute pembeni, basi. Mwaka 1960 Peter Nowell, daktari katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia, Marekani, alikuwa akiotesha seli za wagonjwa wa saratani ya damu. PHA ilikuwa kwenye meza yake kwa kazi ya utumishi tu: inazigandanisha seli nyekundu, zinazama chini, na nyeupe zinabaki juu zikiwa safi. Alipotia damu ya watu wazima wenye afya katika utaratibu huohuo, seli zao nyeupe nazo zikaanza kugawanyika, jambo ambalo halikutarajiwa. Akachunguza kimoja kimoja alivyokuwa ametia, akagundua kuwa mwamshaji ni ile dawa ya kusafishia, protini ya maharage.

Limfosaiti haikuwa imekwisha. Ilikuwa imekaa kimya ikingoja kuguswa. PHA inapozishika sukari zilizo juu yake na kuvuta pamoja vipokezi vya utando, seli inapokea habari kana kwamba adui amefika: inavimba, inanakili kromosomu zake, na kufikia siku ya tatu imegawanyika. Tangu hapo, anapozaliwa mtoto anayedhaniwa kuwa na ugonjwa wa Down, damu yake hutiwa PHA, huachwa takribani saa 72, kisha kromosomu huhesabiwa zikiwa katikati ya kugawanyika. Mwaka huohuo wa 1960 Nowell na David Hungerford walitangaza ile kromosomu fupi ya ajabu katika seli za aina moja ya saratani ya damu, iliyokuja kuitwa kromosomu ya Philadelphia, na ambayo dawa ya imatinibu imetokana na kueleweka kwake. Kwa muda mrefu wanasayansi walikuwa na seli hiyo mbele ya macho yao. Walichokosa ni cha kuigusia.

Mimi nimekutana na PHA zaidi katika kipimo cha damu cha kutafuta maambukizi ya kifua kikuu (TB) yaliyojificha. Aina inayotumika sana ina tyubu nne. Ya kwanza haina kitu, ili tuone damu inafanya nini ikiachwa yenyewe. Mbili zina vipande vya protini za bakteria wa kifua kikuu. Ya nne ina PHA. Zote zinakaa kwenye inkubeta kwa nyuzi 37, saa 16 hadi 24, kisha tunapima interferoni gama, ile kemikali ambayo seli T, aina mojawapo ya limfosaiti, huitoa zinapoamka. Seli zilizowahi kukutana na bakteria yule zinamkumbuka, nazo hutoa sauti katika tyubu za TB. Zisipotoa, mtu anaweza kudhani kazi imekwisha: andika hasi, mwite mwingine.

Lakini hapo ndipo tyubu ya nne, ambayo ndiyo kontroli yetu, inapokuwa na heshima yake. PHA haiulizi seli kama inamjua bakteria fulani. Inaamsha seli T karibu zote bila kuchagua. Kwa hiyo tyubu za TB zikinyamaza na ya PHA ikapiga kelele, tunajua seli hizi zina uwezo wa kusema, na katika jambo la TB hazina la kusema. Hapo kimya ni jibu. Tyubu ya PHA nayo ikinyamaza, hatuna ruhusa ya kuandika hasi. Pengine mgonjwa ana VVU na seli zake za CD4 zimeshuka mno. Pengine anatumia dawa za kupunguza nguvu ya kinga, au ni mtoto mdogo aliyedhoofu kwa utapiamlo. Pengine kosa si lake kabisa: damu imecheleweshwa njiani kabla ya kufika kwenye inkubeta. Tunaandika jibu lisilobainika, na tunaomba damu nyingine. Kile kipimo cha zamani cha kuchoma sindano ndani ya ngozi ya mkono hakina ulinzi huu ndani yake. Mkono usiovimba unaweza kuwa wa mtu asiye na maambukizi, au wa mtu ambaye kinga yake haina tena nguvu ya kuvimbisha chochote.

Nilikuja kuliona jambo hili nje ya maabara, katika kikao cha ukoo kuhusu shamba la minazi aliloacha babu. Wanaume walizungumza mmoja baada ya mwingine. Shangazi yangu alikuwa ameketi karibu na mlango, kimya. Mmoja wetu akasema, "Na dada naye hana pingamizi, tuandike." Kwetu kunyamaza kwa mwanamke mbele ya wakubwa kumezoeleka kuhesabiwa ridhaa, na kalamu ilikuwa tayari mkononi. Ami yangu mkubwa akamzuia mwandishi. Akamgeukia shangazi na kumuuliza jambo ambalo hakuna aliyelijua kumshinda, maana ndiye aliyekuwa akisimamia waangushaji nazi miaka yote: "Dada, nazi za msimu uliopita ziliuzwa vipi?" Shangazi akatazama mkeka. Hata hilo hakulijibu. Ami akasema, "Basi msiandike. Asiyeweza kujibu hili hapa, hajakubali lile." Jioni akaenda kukaa naye uani, wao wawili, na yaliyotoka huko yalibadilisha mgawanyo wote.

Ami hakusoma baolojia, lakini alichofanya ni kontroli kamili kuliko nyingi nilizoziona kwenye karatasi. Alipima kwanza kama mtu huyu anaweza kusema katika chumba hiki. Tangu siku ile, nikisimamia vijana wanaojifunza kazi, au nikiketi na ndugu, kabla sijakihesabu kimya cha mtu natafuta swali la namna ile: jepesi, la haki, ambalo najua jibu lake liko kinywani mwake.

Nisieleweke kuwa kila kimya ni cha kuvunjwa. Mwili wenyewe una lektini zake, na baadhi zimewekwa kutuliza. Galektini-1 ni mojawapo. Mwaka 1995 Linda Baum na wenzake wa Los Angeles walionyesha kuwa inaposhika sukari za seli T zilizokwisha kuamshwa, inaweza kuziongoza kwenye kifo cha utaratibu, ili majeshi yaliyoitwa vitani yasibaki mitaani kuchoma nyumba za wenyewe. Katika panya wenye mimba imeonekana kusaidia kinga ya mama imvumilie mtoto aliye tumboni, ambaye nusu ya urithi wake ni wa mwingine. Huo ni utulivu wa afya. Lakini Gabriel Rabinovich na wenzake wa Buenos Aires, Argentina, walionyesha mwaka 2004 kwamba uvimbe wa saratani ya ngozi katika panya hutengeneza galektini-1 kwa wingi na kuwanyamazisha walinzi waliokuja kuushambulia. Protini ni ileile na kimya ni kilekile. Ukitazama seli zilizotulia tu, huwezi kujua kama ni amani au zimezibwa mdomo. Sharti uulize nani amezituliza, na kwa faida ya nani.

PHA nayo isipewe sifa isiyokuwa yake. Inaamsha wenye kumbukumbu na wasio nayo kwa pamoja. Kelele zake zinaonyesha uwezo, hazionyeshi ujuzi. Swali la ami kuhusu nazi halikugawa shamba. Lilizuia tu lisigawiwe kwa dhuluma, na kazi ya kusikiliza ikabaki kufanywa uani.

Kwa hiyo nina ombi kwa wakuu wa maabara zetu: bajeti inapobanwa, msiguse kontroli. Tyubu ya PHA inaonekana kama hasara kwa sababu haina ugonjwa inaoutafuta, lakini bila hiyo hatujui hasi zetu zina maana gani. Na wewe uliyepimwa ukaambiwa jibu halikubainika, usirudi nyumbani ukidhani umepona wala ukidhani umeugua. Mwambie daktari dawa zote unazotumia na hali yako ya VVU kama unaijua, kisha rudi utoe damu tena.