Skrini Nyeusi na Laptopu ya Marehemu

Ijumaa nilichelewa kulala, na acha nikwambie kwa nini, maana najua hata wewe una laptopu kuukuu chini ya kitanda.

Mama mmoja wa kanisa letu (ameniruhusu nisimulie) aliniletea laptopu ya marehemu mumewe. Windows imechoka, na kijana wao anaingia chuo Jumatatu. Picha zote za baba zimo humo. Nikasema nitaiwekea Linux Mint, ile ya Xfce, maana haili RAM nyingi. Nikachomeka flashi, nikawasha. Nembo ikatokea, halafu giza totoro. Feni inazunguka, skrini haina kitu.

Nakiri nilishaanza kutunga maneno ya kumwambia mama kwamba imekufa.

Mpendwa, usiwe na haraka hivyo. Kwanza mulika skrini kwa tochi ya simu. Ukiona picha hafifu, ni mwanga wa nyuma tu umezimika; jaribu vitufe vya mwangaza. Mimi sikuona chochote. Basi nikashuku kadi ya picha. Ni Nvidia ya zamani, na draiva inayokuja na Linux wakati mwingine haielewani nazo.

Zima, washa tena. Kwenye menyu ya kwanza bonyeza herufi e. Tafuta mstari unaoanza na neno linux, na baada ya quiet splash acha nafasi, andika nomodeset, kisha F10. Neno hilo linaizuia Linux isibadilishe hali ya skrini yenyewe. Herufi zikatokea kubwa kubwa na mbaya, lakini zikatokea!

Hapo usikimbilie kusakinisha. Nilinakili picha zote kwenye flashi nyingine, nikazifungua kuhakikisha. Ukishafuta diski umefuta.

Nilipomaliza kusakinisha, giza likarudi, kwa sababu neno lile nililiandika la kuwashia mara moja tu. Nikaliandika tena, nikaunganisha intaneti, nikafungua Driver Manager, nikachagua draiva iliyopendekezwa. Kuwasha upya, skrini safi.

Saa tano usiku mama akapiga. "Pasta, imeamka?" Nikampigia skrini picha, nikamtumia: mumewe na suti ya kijivu, siku ya harusi yao. Akanyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama nimeiona na ile ya Mombasa.