Pumzi ya Getini

Kwa miaka sita mdogo wangu alipuliza kipimo cha ulevi kila alipoingia zamu. Alifanya kazi katika mgodi mmoja wa ukanda wetu, na getini asiyepuliza hapiti. Kile chombo kidogo kilimpangia jioni zake. Wenzake wakiagiza bia, yeye alichukua soda. "Kaka, kesho napuliza," aliniambia.

Alifariki usiku wa Jumamosi, akiwa mapumzikoni. Tulikuwa wote grosari, Maganzo. Saa nne akainuka, akawasha pikipiki ashike barabara kuu ya Shinyanga na Mwanza. Nilimwona anavyoyumba. Nikamwambia, "Nenda taratibu." Hilo ndilo neno la mwisho nililompa. Pikipiki waliikuta kwenye kalavati.

Msibani walinifariji: siku yake ilifika. Niliitikia, maana walionifariji walinipenda. Lakini kule getini hakuna anayesema siku ya mtu ikifika imefika. Wanampima kwanza.

Na sisi wa Mwadui kupima tunakujua. Tangu John Williamson agundue almasi hapa mwaka 1940, tumeishi na mizani isiyodharau kitu kidogo. Karati moja ni gramu 0.2 tu. Lile jiwe la waridi la mwaka 1947, alilozawadiwa Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake, lilikuwa la karati 54.5 kabla ya kuchongwa. Hazifiki gramu 11, na dunia inalikumbuka mpaka leo.

Barabara nayo ina kipimo chake. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kikomo cha miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Shirika la Afya Duniani linashauri zisizidi 50. Tushushe, naam. Ila namba iliyoandikwa kitabuni haimsimamishi mtu saa nne za usiku. Anayemsimamisha ni trafiki mwenye chombo mkononi, aliyesimama Maganzo Jumamosi kama anavyosimama mlinzi getini kila alfajiri, na anayempulizisha kila mmoja bila kujali cheo wala noti iliyokunjwa ndani ya leseni. Mwaka 2017 viroba vya pombe kali vilipigwa marufuku nchi nzima, kwa hiyo tukiamua tunaweza.

Mdogo wangu hakuwa mlevi. Alikuwa mtu mwema aliyejizuia kila alipojua ataulizwa, na usiku ule hakuna aliyemuuliza. Hata mimi niliyemzidi umri, niliyekaa naye meza moja, sikumuuliza.

Siku hizi tukikaa, nanyoosha mkono naomba funguo za pikipiki kabla chupa ya kwanza haijafunguliwa. Vijana wananuna. Wengine wananiita mnoko. Asubuhi wanakuja kwangu kuzichukua, kwa miguu yao wenyewe, na mimi nawahesabu mmoja mmoja wanapoingia uani.