Mjomba, Hesabu Ndiyo Hii

Leicester, Uingereza

Mjomba,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza ndani ya basi alfajiri, natoka zamu ya usiku. Uliniuliza: “Wale maprofesa wa huko waliosema watu nusu milioni watakufa kwa korona, mbona hawakufa? Si walitutisha bure?” Nyuma yako nikawasikia wenzako wa barazani wakicheka. Niliurudia mara mbili. Nimeona nikujibu kwa barua, ili na wao waisome, kwa sababu jambo hili nimeliishi na bado linanikereketa.

Nianze na hiyo nusu milioni. Tarehe 16 Machi 2020, Profesa Neil Ferguson na wenzake wa chuo cha Imperial College London walitoa ripoti yenye “kama” nyingi. Kama serikali haitafanya lolote na watu waendelee na maisha yao kama kawaida, watakufa takriban watu 510,000. Kama wagonjwa watajitenga na wazee watakingwa, watakufa karibu 250,000. Kama nchi nzima itapunguza kukutana, idadi itashuka zaidi. Magazeti yaliinyakua namba kubwa, “kama” yake yakaiacha mezani. Wiki moja baadaye, usiku wa tarehe 23 Machi, Waziri Mkuu Boris Johnson akawaamuru watu wakae majumbani.

Na sisi Kiswahili chetu kilituponza kidogo, Mjomba. Hesabu zile tuliziita “utabiri”, neno lile lile la mnajimu na mpiga ramli. Mtabiri akisema jambo lisitokee, ni mwongo. Lakini yale yalikuwa makadirio, onyo la mtu aliyepiga hesabu kabla maji hayajafika shingoni. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Basi na aliyesikia, guu lake likasalimika, asigeuke akamcheka mkuu kwa kuwa hakuna kilichovunjika.

Tena kusema “hawakufa” si kweli. Uingereza hii, watu zaidi ya 230,000 wameandikiwa korona kwenye vyeti vyao vya kifo. Walikufa watu wengi hivyo huku shule na misikiti imefungwa, na baadaye chanjo ikaja.

Sitaki udhani nawatetea wapiga hesabu kwa kila kitu. Julai 2021, vizuizi vilipokuwa vinaondolewa, Ferguson huyo huyo alisema maambukizi kufika 100,000 kwa siku ni jambo ambalo karibu halikwepeki. Badala yake yakaanza kushuka. Alikosea, na watu walimwambia hadharani kwamba amekosea. Waliweza kumwambia hivyo kwa sababu takwimu zilitangazwa kila siku, na mwenye kalamu yeyote aliweza kumkagua.

Sasa nikutoe kwenye namba nikuingize ndani. Unajua ninafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Tarehe 17 Machi 2020, hospitali za England ziliagizwa ziwatoe wagonjwa wote wanaoweza kuondoka, vitanda vipatikane. Kwa mwezi mmoja, watu wapatao 25,000 walihamishwa kutoka hospitali kwenda kwenye nyumba za wazee, wengi wao bila kupimwa. Kwetu alikuja bibi mmoja amejifunika shali ya bluu, anakohoa kidogo. Siku ya nne nilimbana kidoleni kile kipimo cha oksijeni, kikasoma 84. Nikamfuta kidole, nikapima tena. 84. Binti yake alisimama nje dirishani, kiganja chake kwenye kioo, na mimi ndani nimeshika simu sikioni mwa mama yake. Alipomaliza kuongea hakuondoka. Alikaa pale mpaka giza likaingia. Baada ya wiki tatu, kwenye ukumbi wetu wa chakula kulikuwa na viti kumi na moja visivyo na wenyewe.

Miaka miwili baadaye, Aprili 2022, Mahakama Kuu iliamua kwamba maagizo yale yalikiuka sheria, kwa kuwa serikali haikuizingatia hatari ya mtu kubeba ugonjwa bila dalili. Kesi ilifunguliwa na wanawake wawili waliofiwa na baba zao. Raia wa kawaida tu, Mjomba, wakaidai serikali yao hesabu na wakajibiwa.

Kuhusu dawa, najua barazani mna maneno mengi, na huku yalikuwa mengi vilevile. Wakubwa wa dunia waliisifia hidroksiklorokwini, ndugu ya ile klorokwini tuliyomeza utotoni tukajikuna usiku kucha. Ubishi ulikuwa mkali. Madaktari wakiongozwa na Oxford wakafanya jambo lililokata mzizi wa fitina: waliwagawa wagonjwa wa hospitali mbalimbali kwa bahati nasibu, hawa wakapewa dawa, hawa wakapata matibabu ya kawaida, kisha wakahesabu waliokufa kila upande. Utafiti huo unaitwa RECOVERY. Tarehe 5 Juni 2020 ukatoa jibu: hidroksiklorokwini haikuokoa mtu. Tarehe 16 Juni ukatoa jingine: deksamethasoni inapunguza vifo kwa theluthi moja kwa walio kwenye mashine za kupumulia, na kwa sehemu moja ya tano kwa wanaopewa oksijeni. Dawa ya zamani hiyo, ya bei rahisi, wala si ngeni kwenye maduka ya dawa ya Tanga. Hakuna profesa wala rais aliyeipa ushindi kwa kusema sana. Ilishinda kwa kuhesabiwa.

Nyungu siicheki. Nilipougua, nilichemsha tangawizi na mchaichai, nikajifunika blanketi chumbani kwangu, nikalia kwa kuikumbuka nyumba ya bibi. Mvuke ulinifungua pua na ukanituliza moyo. Ila kufungua pua ni jambo moja, kuokoa pafu lililojaa maji ni jingine. Kama mwarobaini na artemisia zina uwezo tunaousema, basi heshima yao ni kupimwa vile vile, kwa daftari na kwa haki. Mti wa kwetu hauvunjiwi heshima kwa kupimwa.

Hapa ndipo moyo wangu unapouma, kwa sababu kwetu Tanzania hesabu ilisimama. Kufikia mapema Mei 2020 tulitangaziwa wagonjwa 509 na vifo 21, na namba hizo zikabaki hivyo kwa zaidi ya mwaka. Tukaambiwa papai na mbuzi wamekutwa na korona, kwa hiyo vipimo havifai. Hata kama kipimo kilikuwa kibovu, kipimo kibovu hutengenezwa, mgonjwa hafutwi. Februari 2021 Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alifariki, chama chake kikiwa kimeshasema ana korona. Mwezi huo huo ulinipigia kuniambia kwamba jirani yako wa barazani amefariki kwa “changamoto ya upumuaji”. Nchi nzima iliongea kwa neno hilo, utadhani msiba umevaa ushungi. Baadaye Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, na tarehe 28 Julai 2021 akachanjwa hadharani. Nilimshukuru Mungu siku ile. Lakini ile miezi ya katikati, nani ametutolea hesabu yake?

Ona lugha yetu ilivyo na hekima, Mjomba. Neno “hesabu” tunalitumia kwa namba, na tunalitumia kwa kiongozi anayewajibika: atoe hesabu. Huku tume ya uchunguzi chini ya Jaji Heather Hallett iliwahoji mawaziri wakuu na wataalamu mbele ya wafiwa. Novemba 2025 ikasema wazi kwamba serikali ilifanya machache mno na kwa kuchelewa mno. Kwamba amri ya kukaa ndani ingetolewa wiki moja mapema, vifo kama 23,000 vingeepukika England kwenye wimbi la kwanza. Marehemu hawakufufuka kwa ripoti hiyo. Ila binti yule wa dirishani sasa analo jibu mkononi.

Jijini London, ng’ambo ya mto mkabala na Bunge, upo ukuta wa karibu nusu kilomita uliochorwa mioyo myekundu, moyo mmoja kwa kila marehemu. Rangi ikipauka, watu wa kujitolea huirudia. Nilikwenda nikamtafutia nafasi bibi wa shali ya bluu, nikaandika jina lake.

Umeniuliza hesabu ya Waingereza, nimekupa. Na mimi nakuomba moja. Leo jioni mkikaa barazani, kabla kahawa haijaja, wahesabuni waliokuwa wakikaa hapo mwaka 2019 na leo hawapo. Andika majina yao, Mjomba, na sababu kama unavyoijua wewe. Nitumie.

Mpwa wako,
Leicester