Tabla Ilivyosogea Mbele

Nilipokuwa mdogo Mombasa, tabla ilikuwa ala ya nyuma. Kwenye taarab ya harusi macho yote yalikuwa kwa mwimbaji, na pesa za tuzo zikienda kwake. Ami yangu alikaa ubavuni mwa kinanda, miguu ameikunja, poda viganjani, akapiga mpaka alfajiri bila jina lake kutajwa. Zilikuwa zama za Juma Bhalo wa Malindi, aliyeyavisha mashairi ya Kiswahili mahadhi ya filamu za Kihindi, na mahadhi yale hayasimami pasipo tabla.

“Mwimbaji akipotea, mimi ndiye namrudisha,” ami alizoea kuniambia.

Alinifundisha kwa mdomo kabla ya mikono. Kila pigo la tabla lina jina lake: na, tin, ge, dha. Kwa “dha” mikono miwili hushuka pamoja. Wa kulia kwenye ngoma ndogo ya mti, wa kushoto kwenye ile pana ya chuma, ambayo huguna kifundo cha mkono kinapoigandamiza ngozi. Nisipoweza kuyatamka mapigo kwa mfululizo, hakuniruhusu kugusa ngozi.

Kisha jirani akatuletea kanda ya Shakti, kundi la miaka ya 1970: gitaa la Mwingereza John McLaughlin, fidla ya L. Shankar, chungu cha ghatam cha Vikku Vinayakram, na tabla ya Zakir Hussain. Humo nilisikia tabla ikiuliza na gitaa likijibu. Ami alisikiliza upande mzima, akaigeuza kanda. “Huyu mwana wa Alla Rakha,” akasema. “Anacheza atakavyo, lakini hesabu haiachi.”

Alla Rakha alikuwa mpiga tabla wa Ravi Shankar, bingwa wa sitar. Alikuwa naye jukwaani kwenye matamasha ya Monterey mwaka 1967 na Woodstock mwaka 1969, na sitar ndiyo iliyotangulia. Mwanawe Zakir, aliyezaliwa Mumbai mwaka 1951, alilelewa katika adabu hiyo hiyo, kisha akaitafutia tabla nafasi kubwa zaidi. Mwaka 1991 alishiriki albamu ya Planet Drum ya mpiga ngoma Mickey Hart, iliyojengwa kwa ngoma na sauti za watu. Walikuwamo Babatunde Olatunji na Sikiru Adepoju wa Nigeria, Giovanni Hidalgo wa Puerto Rico na Airto Moreira wa Brazili. Kinachonivutia hadi leo ni kwamba hakuna aliyebadili mkono wake ili afanane na mwenzake. Kila mmoja alipiga alivyofundishwa kwao, akajua pia wakati wa kunyamaza. Mwaka 2015 Zakir alitoa Peshkar, utunzi wa tabla na okestra. Safari hii fidla ndizo zilizoingojea tabla.

Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Vinanda vya umeme vilikuja na midundo ndani yake, na mwenye harusi akaona ameokoa ujira wa mtu mmoja. Tabla ya ami ikabaki nyumbani.

Siulaumu umeme. Zakir mwenyewe alichanganya tabla na mitambo katika kundi la Tabla Beat Science, pamoja na Bill Laswell na Talvin Singh, na tabla haikumezwa. Naona kisa ni kwamba sisi tulimzoea mpigaji kama sehemu ya samani za jukwaa. Aliyehesabiwa hivyo huondolewa bila mtu kuuliza.

Februari 2024 Zakir alipata tuzo tatu za Grammy usiku mmoja. Desemba hiyo akafariki San Francisco, na magazeti ya dunia yakamtaja kwa jina. Tangu hapo, kila ninaposikia kanda ya zamani ya taarab, huuliza tabla kapiga nani. Mara nyingi mwenye kanda hajui, na kasha nalo limeandikwa mwimbaji peke yake. Wazee wachache wanaoweza kujibu bado wapo, basi afadhali tuwaulize sasa na tuyaandike majina hayo.