Mganga Mfawidhi na Kitabu Namba 5

Mwaka 2014 nilikuwa karani wa kumbukumbu katika kituo cha afya milimani, Upare Kusini. Kila mgonjwa wa nje niliyemwandika aliingia Kitabu Namba 5 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Mwisho wa mwezi nilijumlisha kwa mkono, ripoti ikateremka kwa basi hadi ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya, Same mjini. Huko iliingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya uliokuwa umeenea nchi nzima mwaka mmoja tu nyuma.

Wengi tuliichukulia ripoti ile kama kodi: ukishalipa, basi. Mganga mfawidhi wetu hakukubali. Alikuwa anakaribia kustaafu na kompyuta hajapata kuigusa, lakini siku moja aliteremka nami Same. Kijana wa takwimu akasimama, "Shikamoo, Dokta." Mzee akaitikia marahaba, akavuta kiti. "Mwanangu, nionyeshe hesabu zangu zinakwenda wapi."

Alikaa pale hadi jioni, akiuliza, akibonyeza, akikosea, akirudia. Grafu ya malaria ya kituo chetu ndiyo iliyomshtua. Juni na Julai, ukungu unapotufunika na mbu kuadimika, sisi bado tuliandika malaria tele. Kila homa ilikuwa inaitwa malaria, hata vipimo vya haraka vikiwa kabatini.

Mzee yule alizaliwa wakati wa Mradi wa Malaria wa Pare-Taveta, 1954 hadi 1959, nyumba zilipopuliziwa dieldrin na watoto kutobolewa vidole kutafutwa vimelea. Alikuwa akisema Wapare tumehesabiwa tangu zamani. Kilichobaki ni sisi wenyewe kuzisoma hesabu hizo.

Tuliporudi, alipiga marufuku kuandika malaria bila kipimo. Akaanza kuwasikiliza vifua watoto wenye homa, na nimonia zilizokuwa zimejificha zikaonekana. Kila mwezi alidai grafu iliyochapwa, akaibandika chumba cha daktari. Sijaona tena mtu wa umri ule akijifunza kwa hamu kiasi kile, na watoto wa milimani walifaidika.

Siku hizi hospitali nyingi za serikali zina GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa, na daktari anaweza kuandika mwenyewe mbele ya mgonjwa. Nawaomba madaktari: msiwaachie makarani nywila zenu. Andikeni wenyewe, na ripoti ya mwezi muisome kabla haijatumwa.