Nyigu wa Mndimu

Sisi tukaao Kariakoo hatuna mashamba. Lakini katika ua wetu upo mndimu mmoja, nao hupendwa kama mtoto. Mwaka huu viwavi waliushambulia hata matawi mengine yakabaki matupu. Jirani yangu akaleta sumu ya dukani. Nikamwambia, "Mama, ngoja kwanza," nikamwonyesha kiwavi mmoja aliyelegea, mgongoni ana vifuko vyeupe mfano wa punje za mchele.

Yeye alidhani ni mayai ya kiwavi. Sivyo. Ni vifuko vya nyigu wadogo mno, kama sisimizi, wasiouma watu. Nyigu jike humchoma kiwavi, akamtia mayai mwilini. Watoto wakianguliwa humla kwa ndani, kisha hutoka na kujisokotea vifuko hivyo. Kiwavi hufa.

Wataalamu wa ICIPE, Nairobi, walimleta nyigu wa jamaa hiyo, Cotesia flavipes, kutoka Pakistan, wakamwachilia pwani ya Kenya mwaka 1993 ili apunguze funza wa mabua ya mahindi, ambaye naye asili yake ni Asia. Akastawi, akaenea hata Tanzania. Lakini sumu haichagui. Humwua nyigu pamoja na kiwavi, tena ndimu zile twazikamulia watoto wetu.

"Je, majani yakiisha kabla ya nyigu kuja?" akauliza. Swali la haki, maana nyigu hawaji kwa amri. Tukapatana: viwavi wazima waokotwe kwa mkono kila asubuhi, wenye vifuko waachwe. Chupa ya sumu ingali juu ya kabati lake.