Mkanda au Mota?

Getoni kwetu Ng'ong'ona tuna mashine ya kufulia ya mtumba: upande mmoja inafua, mwingine inakamua. Tunafulia wenzetu kwa malipo, na boom likichelewa ndiyo inatulisha. Juzi upande wa kufua uligoma. Mota inaunguruma, nguo hazizunguki. Wenzangu wakataka tuchange tununue mpya, yenye kuchemsha maji. Nikasema fundi aifungue kwanza.

Kumbe ni mkanda tu umekatika. Sh. 15,000, kazi imekwisha.

Ingekuwa mota imeungua, ningechanga. Lakini hiyo mpya nayo ingetumia maji haya haya ya visima vya Dodoma, yenye chumvi. Ukoko mweupe unaouona kwenye birika hushika hita pia, mpaka iungue. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujamaliza boom dukani, uliza kwanza: kilichokufa ni nini?